Masizi Yasiyo na Kibali

Ilitangazwa rasmi, mwaka ule wa sabini na nne petroli ilipokuwa adimu kama maziwa ya kuku, kwamba Kamati ya Mafuta Badala imemaliza shida. Imemaliza kwa karatasi, lakini imemaliza. Hesabu ilisema mvuke wa pombe ya molasi ukipita kwenye bomba la moto lenye vidonge vya kichocheo, unatoa petroli lita arobaini kila siku. Mkurugenzi Mungai akaweka sahihi, akapiga muhuri. Kitu kikishapigwa muhuri hakina ubishi tena.

Kilichobaki ni mtambo wenyewe kutii. Hiyo kazi akapewa Oloo wa Kabiria, fundi wa kuchomelea, kibarua aliyeahidiwa kuandikwa kazi ya kudumu lita zikitoka.

Hazikutoka. Kilitoka kikombe kimoja, halafu maji. Oloo alifungua bomba akakuta vidonge vimevaa masizi kama sufuria ya kupikia kwa kuni. Akaenda ofisini mjini akaeleza vizuri: masizi yanaua vidonge, vibadilishwe kila juma.

Kamati ilikaa siku mbili, kisha Mkurugenzi akamwita.

"Bwana Oloo, kwa hesabu yetu hakuna masizi."

"Bomba imejaa, mzee."

"Hesabu imepita kamati. Wewe umepita wapi?"

"Darasa la nne."

"Basi hayo masizi ni yako."

Akafutwa, kwa kosa la kutengeneza masizi bila kibali. Ripoti ikaenda juu: lita arobaini kila siku, bila kukosa.

Huko juu walifurahi kupita kiasi. Kwa vile Kamati sasa inajitosheleza, wakaikatia mgao wa petroli siku hiyo hiyo. Peugeot ya Mkurugenzi ikalala nyumbani kwake Parklands. Wanakamati wakaonekana wakipiga mguu kwenda mjini, tai shingoni. Kwa hesabu, walikuwa wanaendesha.

Mgao ungerudi kwa njia moja tu: fundi aliyeshika mtambo aweke sahihi kwamba masizi yapo.

Jumamosi Mkurugenzi alifika Kabiria, viatu mkononi, na karatasi mbili: ushahidi wa masizi, na barua ya kazi ya kudumu. Phoebe, mke wa Oloo, akamwekea miguu kwenye beseni la maji ya moto. Mkurugenzi akaomba sahihi haraka, giza lisimpate njiani.

"Pole, mzee," Oloo alisema, akivuta kiti. "Mimi karatasi nasoma yote. Na nasoma polepole."

Akaweka kidole kwenye neno la kwanza.