Ligi ya Timu Mbili Yatua Msuluni

Wananchi wote wa Kata ya Msuluni mnatangaziwa kwamba kuanzia Jumapili hii, kwa ajili ya amani, umoja na mustakabali wa vizazi vijavyo, kila mkazi mwenye umri wa kuongea atashabikia ligi ya soka ya Visiwa vya Scilly. Ni marufuku kushabikia timu yoyote ya Dar es Salaam, iwe hadharani, kichinichini au kwa mavazi. Visiwa hivyo vipo, kule Uingereza. Asanteni kwa ushirikiano wenu.

Tangazo hilo lilisomwa kwa kipaza sauti juu ya bodaboda, kuanzia kwenye mashine ya kukamua alizeti hadi kisima cha juu. Msomaji alikuwa Mtendaji wa Kata mwenyewe, Bwana Ignas Mghenyi, kwani kwa jambo zito hatumwi mtu. Upepo ulichukua nusu ya maneno, lakini nusu iliyobaki ilitosha kuwatia watu wasiwasi.

Sababu alikuwa nazo. Msimu ule watani wa jadi wa Dar walikuwa wameipasua kata katikati. Amosi, mwenye mashine ya alizeti, aligoma kukamua mbegu za mtu yeyote mwenye jezi ya kijani. Watu wa kijani nao wakamnyima dume la kupandia ng'ombe wake. Kwenye harusi moja kwaya ilikataa kuimba kwa kuwa bwana harusi alivaa soksi nyekundu, na soksi zenyewe aliazimwa na mjomba wake.

Mkoani hawakulala. Waliunda Idara ya Utulivu wa Mashabiki, wakatangaza kwamba idara hiyo inamhitaji Afisa Utulivu wa kukaa Singida mjini, na kwamba afisa huyo atatoka katika kata itakayotulia kuliko zote. Ignas aliposikia hivyo, usingizi ulimruka. Aliitaka nafasi ile jamani. Aliitaka kama ng'ombe wa kiangazi anavyotaka maji. Alishaiona ofisi, dirisha linalotazama Ziwa Singidani, feni ikizunguka taratibu, na yeye amekaa chini yake ametulia kikazi.

Nadharia yake ilikuwa rahisi. Watu hugombana kwa sababu ya timu wanazozijua. Wape timu wasizozijua, wataanzia wapi? Nani atamtukana jirani yake kwa ajili ya kisiwa ambacho hata kukitamka kunamshinda? Akaazima simu ya mwalimu, akatafuta ligi ndogo kuliko zote duniani, akiamini kwamba ligi ndogo ina ugomvi mdogo. Jina la Scilly lilipotokea, hakusoma zaidi. Kiongozi husoma kichwa cha habari, na mwili wa habari ni kazi ya wasaidizi. Msaidizi hakuwa naye.

Jumapili ikafika. Watu wakajaa kwenye kibanda umiza cha Peniel, ambako kwa kawaida mechi hutazamwa kwa kubanana hadi mbavu zinasalimiana. Ligi ile haikuonyeshwa kwenye televisheni yoyote, lakini hilo halikumzuia Peniel. Aliifunika televisheni kwa kanga, kwa heshima, kisha akasimama pembeni yake na simu mkononi, tayari kusoma matokeo yakiingia.

"Shikamoo, Mtendaji," alisema.

"Marahaba, Peniel. Endelea na zoezi."

"Kabla sijaendelea, nina swali dogo la kiufundi. Hii ligi uliyotupa ina timu ngapi?"

"Za kutosha," alijibu Ignas.

"Hapa naona mbili."

"Hizo ni zile zinazoongoza."

"Hapana, Mtendaji, ndizo zote. Moja inaitwa Woolpack Wanderers, nyingine Garrison Gunners. Zinacheza zenyewe kwa zenyewe msimu mzima. Ligi ikiisha zinashindania kombe, zenyewe kwa zenyewe."

 Kisha Amosi wa mashine akasimama, akajifuta mafuta ya alizeti mikononi, akasema kwa sauti ya mtu anayekula kiapo, "Sisi ni Wulipaki."

"Na sisi ni Garisoni!" ikajibu sauti ya mwanamke kutoka benchi la nyuma.

Ignas aligeuka. Mwanamke yule alikuwa Severina, Mama Faith, mke wake wa ndoa, muuza kuku ambaye hadi dakika ile kata nzima ilimjua kwa upole. Alikuwa amepanda juu ya benchi.

Kata ikagawanyika palepale, tena kwa ari kuliko mwanzo. Ukweli lazima usemwe: watu waliipenda ligi ile kupita kiasi. Haikuwa na longolongo. Hakuna nusu fainali, hakuna makundi, hakuna kupiga mahesabu ya nani amfunge nani ili nani apite. Timu ikishika mkia, imeshika nafasi ya pili! Wazee waliokata tamaa na soka wakarudi. Mchungaji na shekhe, ambao kwa miaka walikubaliana juu ya mvua tu, wakajikuta wote Garisoni, wakawa wanapigiana simu. Mtandao ukikatika pale kibandani, watu walibaki wakiitazama ile kanga na kumlaumu refa. Siku mechi ilipoahirishwa visiwani kwa sababu ya upepo, hakuna aliyelalamika. Upepo wanaujua.

Lakini Amosi hakukamua tena alizeti ya Garisoni, na Garisoni, wengi wao wale wa kijani, wakamnyima tena dume lao.

Ignas aliandika taarifa yake mkoani kwa uangalifu mkubwa. "Vurugu zinazohusiana na timu za Dar es Salaam zimekwisha kabisa," aliandika, na hakuna herufi hata moja ya uongo ndani yake. Nyumbani alikula chakula chake kimyakimya, kwani yeye kama msimamizi wa zoezi hakuwa na upande.

"Baba Faith," mkewe alimwambia jioni moja akimpakulia ugali, "mtu asiye na timu kwenye ligi ya timu mbili anaogopesha."

"Mimi ni wa serikali, Mama Faith."

"Hata serikali ina pa kukaa. Wewe unakaa wapi?"

Ignas alikata tonge. Mawazo yake yalikuwa mjini, chini ya feni.

Taarifa ikafanya kazi yake, tena ikapitiliza. Simu ikaja: Mheshimiwa Chediel, Mratibu Mkuu wa Utulivu wa Mashabiki, anakuja Msuluni kushuhudia utulivu kwa macho yake, na akiridhika atamtangaza Afisa Utulivu papo hapo. Ignas alishukuru, akakata simu, jasho likamtoka. Utulivu gani? Asubuhi ileile waliopewa kazi ya kupanga viti vya mkutano walikuwa wamepanga mafungu mawili, na katikati wakaacha nafasi ya kupita trekta.

Alikimbilia kwa Peniel. "Nitafutie kitu chochote kuhusu hawa watu wa visiwani. Wao wanaishije bila kuuana?"

Peniel akapekua simu, akapekua, akatabasamu. "Wana utaratibu wao, Mtendaji. Msimu ukianza, manahodha wawili wanakutana na kuchagua watu wote upya, mmoja mmoja, kwa zamu. Aliyekuwa adui mwaka jana, mwaka huu ni mwenzako."

Ignas nusura ambusu. Hii ndiyo ilikuwa dawa! Mbele ya mgeni rasmi kata nzima itachanganywa kama makande, maadui watakumbatiana, na Mheshimiwa atafuta machozi. Akaandaa Mwongozo usiku huohuo, kwamba mkazi na mgeni yeyote atakayekuwepo uwanjani atachaguliwa bila kujali cheo, na kwamba timu zitalingana idadi, hairuhusiwi upande mmoja kuzidi. Akampigia Mheshimiwa kumweleza.

"Bila kujali cheo?" aliuliza Mheshimiwa Chediel. "Na mimi nipange mstari?"

"Ukipenda, Mheshimiwa. Ila wewe hutasimama muda mrefu. Watakugombania."

"Hilo nalijua," alisema Mheshimiwa. "Naomba wasiumizane."

Siku ya siku, uwanja wa shule ulijaa. Mheshimiwa Chediel alishuka kwenye gari akiwa na suti ya michezo iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali, nyuma yake katibu wake Joyce na dereva. Akatoa hotuba. Akasema mshabiki bora ni yule asiyesikika. Akasema yeye binafsi, tangu azaliwe, hajawahi kupaza sauti uwanjani, na hata mama yake mzazi alikuwa akimpima joto kwa wasiwasi. Watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha akajipanga mbele kabisa ya mstari, kifua nje, ubavu kidogo, kama mtu anayepigwa picha ya kalenda.

Manahodha walikuwa Amosi na Severina. Amosi akaanza, akamchukua Peniel, kwa sababu mwenye simu ndiye mwenye ligi. Severina akamchukua Bibi Magdalena, mkongwe wa mgongo uliopinda ambaye kigelegele chake kiliwahi kukatisha mkutano wa mbunge. Amosi akachukua mchungaji. Severina akachukua shekhe, na wale wawili wakaagana kwa majonzi. Watu wakacheka, wakakumbatiana, mahasimu wakashikana mikono. Ignas alikuwa anaelea kwa furaha. Kila kitu kilikwenda alivyopanga, isipokuwa mgeni rasmi alikuwa bado amesimama.

"Bado mapema," alimnong'oneza. "Wanaacha kitamu mwisho."

Amosi akamchukua dereva wa Mheshimiwa, kwa vile alimsikia akipiga honi na akaipenda roho yake. Severina akamchukua Joyce, ambaye alikimbia kwenda Garisoni bila hata kugeuka nyuma. Mstari ukazidi kufupika. Mheshimiwa akabadilisha ubavu. Akakohoa. Ignas akawa anampigia mkewe ishara kwa nyusi, kwa kidevu, mwisho kwa mguu.

"Amosi," aliita kwa sauti ya chini, "mbona Mheshimiwa mnamruka?"

"Ametuambia mwenyewe kwamba hapigi kelele, Mtendaji," alijibu Amosi kwa upole. "Sisi hapa tunachagua mashabiki. Tungekuwa tunatafuta walinzi wa maktaba, sawa."

Mwisho wakabaki wawili: Mheshimiwa Chediel, Mratibu Mkuu, na Ignas Mghenyi, Mtendaji wa Kata, mtu asiye na upande. Zamu ilikuwa ya Severina.

Uwanja ukatulia kama Idara nzima ilivyotamani siku zote. Ignas akamkazia mkewe macho, na macho yale yalisema: mchukue yeye, mke wangu, mchukue huyu mtu, uhamisho wangu uko mikononi mwako. Severina akayaona. Lakini yeye alisoma kitu kingine. Aliona mwanaume aliyezaa naye watoto, ambaye anakula ugali peke yake, amesimama peupe na kata nzima haimtaki. Moyo ukamuuma. Aibu ile asingeiruhusu impate mume wake.

"Garisoni," alisema, na sauti ikamtetemeka, "inamchukua Baba Faith."

Mlipuko wa vigelegele ukapasua anga. Ignas alihisi feni inasimama, dirisha linafungwa, ziwa linakauka. Miguu yake hata hivyo ilishaanza kutembea. Watu wa Garisoni wakamdaka, wakampigapiga mgongoni, Bibi Magdalena akamfunga kitambaa shingoni. Kwa miaka yote ya utumishi wake hakuna aliyewahi kumgusa Mtendaji bila kuwa na shida ya kuandikiwa barua. 

Mheshimiwa akabaki peke yake katikati ya uwanja. Akatabasamu kwa shida. "Basi aliyebaki ni wa Wulipaki, siyo?" alisema, akapiga hatua.

Amosi akainua mkono. "Ngoja, Mheshimiwa. Tuko sawasawa. Nikikuongeza nitazidi, na Mwongozo unakataza kuzidi. Tumuulize aliyeuandika."

Nyuso zote zikamgeukia Ignas. Nafasi ndiyo hii. Neno moja tu, "mgeni rasmi hahesabiwi", na Mheshimiwa angepata pa kusimama, na Singida mjini ingefunguka tena. Ignas akafungua mdomo kulisema. Halafu akawatazama Wulipaki, akaona wale watu wanataka kuongezewa mtu mbele ya macho yake, tena mtu wa mkoani, na kitu cha moto kikampanda kutoka tumboni.

"Wakizidi hata kidole, tunakata rufaa!" aliunguruma. "Garisoni haiwezi kuonewa! Mwongozo uko wazi!"

"Garisoni!" waliitikia wenzake. Severina alimtazama mumewe kama siku ya posa.

Mheshimiwa Chediel alitazama kushoto, akatazama kulia. Dereva wake alikuwa anaruka na Wulipaki. Katibu wake alikuwa anafundishwa kigelegele. Hapo utulivu wa maisha yake yote ukakatika kama kamba ya mbuzi.

"Nichukueni!" alipiga kelele, na kelele yenyewe iliwafanya kunguru wa paa la shule waruke. "Nichukueni bwana! Hata akiba! Hata wa kubeba ngoma! Mimi pia ni mtu!"

Watu wakashangaa. Amosi na Severina wakatazamana kwa majuto ya kweli, maana lile lilikuwa koo la dhahabu na zoezi lilikwisha kufungwa. Bibi Magdalena ndiye aliyemsogelea, akijikongoja na fimbo yake.

"Shikamoo, bibi," alisema Mheshimiwa, akihema.

"Marahaba, mwanangu." Akamshika mkono kwa huruma, akampa majibu aliyozoea kupewa yeye kwenye madirisha mengi ya ofisi. "Usilie. Ombi lako tumelipokea. Linafanyiwa kazi. Njoo msimu ujao."