Mshiriki Namba Arobaini na Saba

Gazeti lilifika kijiweni likiwa limefungia misumari. Aliyenunua misumari ni Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, na hakuwa na haja na gazeti. Lakini Kamusi, karani mstaafu wa mahakama, hajawahi kuona maandishi akayapita. Aliimwaga misumari juu ya benchi, akalinyoosha gazeti gotini, akakohoa kama hakimu.

"Sikilizeni. 'Mradi wa utafiti wa kukabiliana na maafa, uliogharimiwa na fedha za umma kwa miaka mitatu, umefikia tamati kwa mafanikio makubwa. Nyumba zilizo katika hatari ya kusombwa na maji ya mtaro mkuu zimetambuliwa kwa uhakika wa asilimia tisini na tisa.'"

"Zipi hizo?" aliuliza Mama Redio, muuza chai, birika likiwa limesimama hewani.

"Subiri. 'Hata hivyo, kwa kuzingatia kanuni za faragha ya taarifa binafsi, nyumba hizo hazitatajwa kwa mtu yeyote.'"

Kinyozi, ambaye kiti chake kiko hatua mbili tu kutoka benchi, alisimamisha wembe kwenye shavu la mteja. "Yeyote kabisa? Au yeyote asiyehusika?"

"Yeyote. Pamoja na mwenye nyumba."

Benchi zima likalipuka kwa kicheko.

"Yaani daktari anaingia chumbani," alisema Kinyozi, "anasema, 'Kuna mtu humu ana ugonjwa mbaya sana. Haya, nendeni salama.'"

"Faragha!" Mama Redio alibetua mdomo. "Mtaa huu faragha iko wapi? Mimi najua nani kanuna, nani kakopa chumvi, nani anapaka nywele rangi nyeusi."

"Niachie nywele zangu," alisema Kamusi.

"Nimekutaja?"

"Umenitazama."

"Kutazama si kutaja. Ndiyo faragha yenyewe hiyo!"

Cheche peke yake hakucheka. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kule bondeni walikoishi wote, hatua kumi na saba kutoka mtaroni, na alikuwa anaishi humo na mama mkwe. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita, watoto walishatawanyika na maisha yao, wakabaki wao wawili, mkwe na mkwe, wakiheshimiana kutoka vyumba tofauti.

"Walikuja kwangu mara tatu," alisema. "Walipima mlango, wakapima ukuta, wakampima na mama mkwe."

"Mama mkwe wakampima nini?"

"Kasi ya kutembea. Walimwomba atembee haraka kutoka jikoni mpaka barabarani. Akawauliza, atoke hivyo aende wapi, na hajaaga?"

"Faragha," Kamusi alieleza, ingawa hakuulizwa, "ni haki ya mtu kutojulikana."

"Sawa," alisema Cheche. "Na maji nayo yamekula kiapo cha kutonijua?"

Kamusi akalikunja gazeti. Cheche akaiacha misumari pale pale benchini.

Kesho yake asubuhi alivaa shati lake la misibani na harusini, akapanda ghorofa ya pili ya jengo ilipokuwa ofisi ya mradi. Chumba kilikuwa na feni iliyozunguka kwa kulalamika, meza mbili, na kabati la chuma lenye kufuli mbili. Kabati alilitambua papo hapo. Alilichomelea yeye mwenyewe mwaka juzi, na bawaba ya chini ilikuwa mbovu tangu siku hiyo.

Nyuma ya meza alikaa mtafiti, binti mwenye miwani, umri wa mwanawe wa mwisho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuuliza jambo dogo tu. Nyumba yangu itasombwa au haitasombwa?"

Binti aliitazama meza. "Baba, hiyo ni taarifa ya mshiriki."

"Mshiriki ni mimi."

"Hilo hatuwezi kulithibitisha. Tulifuta majina, tukawapa namba."

"Basi nipe namba yangu."

"Nikikupa namba, nitakuwa nimekuunganisha wewe na wewe. Ndicho hasa tulichokatazwa."

"Binti, mimi na mimi tumeungana tangu tumboni."

Mtafiti alivua miwani akaifuta, na Cheche akaona kwamba macho yake yalikuwa mekundu. "Hata mimi silali, baba. Nikitaja nyumba moja tu, mradi utafungwa na mimi nitashtakiwa. Lakini tumeweka mfumo wa tahadhari. Maji yakianza kupanda, simu zote za bondeni zitapata ujumbe."

"Utasema nyumba ya nani?"

"Utasema namba."

"Namba ambayo mwenyewe haijui."

"Ndiyo," alisema binti kwa sauti ya chini. "Kipengele hicho kinasubiri utafiti wa awamu ya pili."

Cheche alipoyasimulia hayo kijiweni, Kinyozi alilazimika kuweka wembe chini.

"Kwa hiyo utaitwa, ila usijue kama ni wewe unayeitwa!"

"Namba tutaipata," alisema Mama Redio, akianza kuhesabu kwa vidole. "Walianzia kwa mjane wa nyumba ya kwanza. Wakaja kwa mshonaji. Kwa Kinyozi wakabisha mpaka wakachoka, maana alijificha uvunguni akidhani ni watu wa kodi..."

"Nilikuwa natafuta kiatu!"

"Saa mbili nzima? Basi Cheche atakuwa wa ishirini na..."

"Namba ziligawiwa kwa kura," alikata Kamusi. "Hazikufuata nyumba."

Cheche akasema polepole, "Kabati lao lile, bawaba ya chini..."

"Usimalizie! Nimekaa mahakamani miaka thelathini. Sentensi inayoanza hivyo najua inamalizikia wapi."

Siku ya Alhamisi, jua likiwa kali mtaani huku mawingu meusi yamelala juu ya vilima tangu alfajiri, simu zote za kijiweni zililia kwa pamoja. Kamusi akasoma kwa sauti, ingawa kila mtu alikuwa na yake mkononi:

"'Tahadhari! Mshiriki namba 47 anaombwa kuhama mara moja. Washiriki wengine waendelee na shughuli zao kama kawaida. Ujumbe huu ni wa siri.'"

Walitazamana.

"Nani arobaini na saba?" aliuliza Kinyozi.

"Mimi," alisema Mama Redio. Alikuwa ameshamwaga makaa na kulikumbatia birika.

"Umejuaje?"

"Sijajua! Ndiyo maana nahama!"

Kamusi alifungua mdomo apinge, akatafuta kifungu cha kupingia, akakikosa. "Kwa hoja hiyo," alisema akiinuka, "hata mimi ni arobaini na saba."

Mama Redio akashika njia ya bondeni akipaza sauti ile iliyompa jina. "Arobaini na saba, tokaaa! Kama hujui namba yako, ni wewe!" Milango ikafunguka, magodoro yakatoka, kuku wakatoka, mshonaji akatoka na suruali ya mtu ikiwa na mguu mmoja. Mteja wa Kinyozi alikimbia na povu la sabuni shavuni.

Cheche alimkuta mama mkwe kitini, anashona kifungo.

"Mama, tuondoke. Maji yanakuja."

"Nani kasema?"

"Serikali."

"Imenitaja mimi?"

"Imetaja arobaini na saba."

"Mimi nina themanini na moja." Akavuta uzi. "Mwanangu alifia chumba kile pale. Siondoki kwa sababu ya namba ya mtu mwingine."

Cheche alipiga magoti. Katika miaka yote ya kukaa naye hakuwahi kusogea karibu kiasi hicho. "Mama, mwanao aliniachia vitu viwili. Cherehani na wewe. Cherehani iliibwa. Nikikupoteza na wewe, siku nitakayokutana naye nitamweleza nini?"

Bibi alikata uzi kwa meno, akaichomeka sindano kwenye kanga.

"Haya. Lakini hunibebi. Mkwe habebwi na mkwe kama gunia la mkaa."

"Sikubebi, mama. Nabeba kiti. Wewe umekalia tu."

Kinyozi aliingia mbio akashika miguu ya mbele, Cheche akashika ya nyuma, na bibi akapandishwa mlima akiwa amenyooka kama malkia, akiitikia salamu za majirani kulia na kushoto.

Walikuwa ndiyo kwanza wamefika uwanja wa shule ukuta wa mtaro ulipoachia. Maji yalikuja kahawia, mazito, yakaingia nyumba ya Cheche kwa mlango wa jikoni na kutokea upande wa chumba kile. Paa likazunguka mara moja na kwenda zake. Nyumba mbili za jirani zikafuata. Kamusi akaanza kuita majina, moja baada ya jingine, kama zamani mahakamani, na kila jina likaitikia.

Ndipo mtafiti alipofika, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

"Mmehama wangapi?"

"Wote," alisema Kamusi.

"Wote?" Binti akakaa chini kwenye nyasi akalia kwa sauti.

Cheche akachuchumaa mbele yake. "Mwanangu, nyumba yangu imekwenda watu wote wakiiona. Hakuna cha kuficha tena. Niambie tu. Arobaini na saba nilikuwa mimi?"

Binti alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Baba, washiriki walikuwa arobaini na sita."

Mama Redio akahesabu upya kwa vidole.

"Nilikuwa na haraka," alisema binti. "Nilibonyeza vibaya."

"Ulitaka kubonyeza ngapi?"

Alifungua mdomo, kisha akaufunga kwa kiganja.

"Ngoja nielewe," alisema mama mkwe kutoka kitini. "Huyo arobaini na saba hayupo?"

"Hayupo, bibi."

"Na ndiye aliyetuokoa sote?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi mkimpata, mpeni salamu zangu. Mwambieni ahsante."

"Bibi," alisema mtafiti akijifuta pua, "hata tukimpata, haturuhusiwi kumjua."

Cheche alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kando ya kiti, na katikati kicheko kikawa kilio, bila sauti kubadilika. Mama mkwe akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo. Kamusi akakunja suruali, Mama Redio akamwendea mlinzi wa shule kuazima koleo, na wengine wakaanza kuteremka mmoja mmoja kwenda kuona matope yamebakiza nini.