Tegu wa Futi Tisa

Athanasi alikuja Bariadi kuuza miwani. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, milango ya biashara imefunguliwa, kila mtu anauza kitu: mwalimu anauza mitumba, karani wa ushirika ananunua pamba kwa jina lake mwenyewe, na mtu kama Athanasi, ambaye hakuwahi kuwa na kazi ya kuiacha, anauza chochote kilichoanguka karibu naye. Lakini miwani haikutoka. Watu wa Bariadi walimwambia wanaona vizuri tu, na wanachokiona hakiwapendezi.

Siku ya tatu alikuwa amekaa kwenye mgahawa wa Felisita, anakunywa chai ya mkopo, aliposikia akina mama wanazungumza benchi la nyuma.

"Nakula, lakini chakula kinakokwenda sikujui," alisema mmoja. Huyu alikuwa Ng'washi, mdogo wake Felisita, mama wa miaka arobaini na minane. "Nikipanda kamlima kadogo tu, nakaa chini. Na hamu ya udongo hainiishi. Jana nimebandua ukuta wa jikoni nikala."

"Ni minyoo hiyo. Kapime."

"Nikapime wapi? Mtoto ana kliniki, mwenye mimba ana kliniki. Mimi nimezaa saba, nimefunga duka. Nikienda pale wataniuliza nimemsindikiza nani."

Akina mama wakacheka, kila mmoja akishika tumbo lake. Athanasi alilisikia neno minyoo kama mlevi anavyosikia kizibo kikifunguka. Aligeuka taratibu akawatazama. Wanawake wa makamo, miguu mitupu, matope ya bondeni yamekaukia kwenye visigino. Wote wakulima wa mpunga. Wote wamevuna. Na hakuna mtu duniani anayewauliza matumbo yao yanaendeleaje.

Ndani ya boksi la miwani alikuwa na hadubini aliyoiokota kwenye mnada wa vitu chakavu vya shule moja. Lenzi yake ilikuwa imepasuka, haionyeshi kitu. Athanasi alikata picha ya mnyoo kwenye kitabu cha sayansi cha shule ya msingi, akaibandika chini ya kioo. Sasa ikawa inaonyesha.

Juma lililofuata, nyuma ya stendi, kibao kikasimama: DAKTARI ATHANASI, BINGWA WA MATUMBO YA AKINA MAMA.

Ng'washi alikuwa wa kwanza. Alileta choo chake ndani ya kiberiti, kama desturi, akakiweka mezani huku akitazama pembeni. Athanasi, ambaye moyo wake haukuwa imara kwa mambo hayo, alikipitisha haraka chini ya meza, akamkaribisha kwenye hadubini.

"Chungulia, mama. Unaona nini?"

"Naona mdudu."

"Anatazama wapi?"

"Kushoto."

Athanasi akashusha pumzi kama mtu aliyenusurika. "Kushoto. Basi umewahi. Angetazama kulia, ningekupa pole tu."

Dawa ilikuwa chaki ya ubaoni iliyokatwa vipande vidogo na kupakwa rangi ya keki. Bei ilikuwa debe moja la mpunga kwa dozi, kwa kuwa daktari alisema hapendi kuwasumbua akina mama na habari za fedha. Ukweli ni kwamba bei ya mchele Mwanza ilikuwa inapanda kila wiki, na Athanasi alijua kusoma bei hata kama hakujua kusoma hadubini.

Akina mama wakaja. Wa pili alichungulia akasema naye mdudu wake anatazama kushoto. Wa tano akaanza kuona ajabu.

"Daktari, mbona wangu anafanana na wa Ng'washi?"

"Ni ukoo mmoja, mama. Si mnalima bonde moja?"

Jibu hilo lilitosheleza. Na dawa ilipendwa kuliko dawa yoyote iliyowahi kufika Bariadi. Mtu mwenye hamu ya udongo ukimpa chaki, umemwandalia karamu. Ng'washi alimaliza dozi ya siku saba kwa siku mbili, akarudi na debe lingine.

Mwezi haukuisha, stoo ya Athanasi ikawa na magunia kumi na moja. Alinunua koti jeupe. Alianza kuitikia salamu kwa kichwa tu.

Jambo moja lilimtia wasiwasi: Ng'washi hakuonekana tena. Alimuuliza Felisita huku akijifanya anatafuta chumvi.

"Yuko Mwamanyili kwa binti yake," alisema Felisita, akiendelea kupepeta mchele. "Anapumzika."

Athanasi akajisemea ni wakati wa kuondoka. Lakini magunia yalikuwa yanangoja lori, na bei ya Mwanza ilikuwa inapanda bado. Akangoja.

Siku ya kumi tangu aulize, asubuhi, Felisita aliingia ofisini amekumbatia kitu kilichofungwa kitenge.

"Mwangaluka, daktari," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Karibu, mama."

Felisita alifunga mlango kwanza. "Dawa yako imefanya kazi," alisema kwa sauti ya chini. "Ng'washi amemtoa."

"Amemtoa nani?"

Felisita akafungua kitenge. Lilikuwa chupa kubwa la kioo, limejaa gongo iliyochafuka kidogo, na ndani yake, amejikunja mara nyingi kama nyoka anayesubiri mvua, kitu cheupe, bapa, chenye mistari mistari. "Futi tisa," alisema Felisita. "Tumempima kwa kamba. Tegu."

Hapa msomaji awe na huruma. Athanasi alijua dawa yake ni chaki. Aliikata kwa wembe kwa mikono yake mwenyewe. Lakini mtu akiitwa daktari mwezi mzima, jina huanza kumwingia, na pale alipokuwa amekaa, akitazama futi tisa za ushahidi, Athanasi alijiuliza kwa unyenyekevu kama labda yeye ana kipaji. Tena akaona mbali zaidi. Aliiona Maswa, gulio limejaa, watu wamezunguka chupa hili, na magunia yasiyo na idadi.

"Niachie mimi, mayu. Kwa ajili ya utafiti."

"Siwezi. Kuna daktari wa Shinyanga amemtaka. Na mdudu mwenyewe ni wa Ng'washi, ameishi naye miaka mingi. Huwezi kumtoa hivi hivi."

"Nitampa magunia mawili."

Felisita akaanza kufunga kitenge.

"Manne."

"Daktari wa Shinyanga ana gari, baba. Hana maneno mengi."

Bei ilifika magunia kumi na moja, stoo nzima, kabla chai haijapoa. Felisita alikubali kwa uso wa mtu anayeozesha binti mbali. Saa sita mchana akina mama walikuja na mikokoteni ya punda wakabeba magunia, na Athanasi akapanda juu ya lori la pamba, chupa mapajani, akienda Maswa kutajirika.

Gulioni alisimama juu ya kreti la soda. Watu walijaa. Alieleza ujana wa tegu, ndoa yake na tabia zake. Mzee mmoja mbele akasema, "Kioo hukuza vitu. Mtoe tumwone."

Daktari hakuogopa. Alizamisha mkono, akakamata ncha moja, akainua. Mama mmoja fundi cherehani, aliyekuwa mbele kabisa, alikamata ncha nyingine akarudi nyuma hatua mbili, kisha tatu. Tegu akarefuka. Akafika futi tisa, akapita, akafika futi kumi na tano. Umati ukarudi nyuma kwa heshima. Mama yule akasogeza uso karibu, akatazama, kisha akaachia.

Sauti ilisikika mpaka kwa wauza ng'ombe. Athanasi alishika pua yake.

"Baba," alisema fundi kwa upole, "hii ni lastiki ya petikoti. Ile pana. Na hapa imeungwa kwa cherehani."

Watu wa Maswa walicheka mpaka wakashikana. Athanasi aliondoka bila koti. Hakumbuki nani alilichukua.

Alirudi Bariadi siku ya pili, kwa miguu na kwa lifti, akaenda moja kwa moja kwenye mgahawa. Felisita alikuwa anapakua. Pembeni yake alikaa Ng'washi, amekonda, lakini macho yana mwanga.

"Umeniuzia lastiki," alisema Athanasi.

"Na wewe ulituuzia nini?"

Athanasi alivuta kiti akakaa.

"Mdogo wangu alianguka akiteka maji kisimani," Felisita aliendelea, bila kupandisha sauti. "Tulimbeba kwa kitanda mpaka hospitali. Safura ilikuwa imemmaliza damu. Ile wiki nzima niliyokwambia yuko Mwamanyili, alikuwa wodini. Wakamwongezea damu, wakampa vidonge vya kweli. Kila mama amerudishiwa debe lake. Lakini sikia, Athanasi. Angekufa, nisingekuletea chupa. Ningekuletea kaka zetu wanne."

Athanasi alitazama sakafu. Mara ya kwanza tangu afike, aibu ilimpanda mpaka masikioni. Ng'washi akamsukumia sahani ya wali. Alikula. Akaongezwa, akala. Ya tatu aliimaliza huku anahema, na jasho jembamba limemtoka.

Ng'washi alimtazama kwa makini. Alimvuta kope ya chini kwa kidole, kama alivyofanyiwa yeye wodini.

"Dada, hebu mwone," alisema. "Mweupe kama karatasi."

Kesho yake asubuhi Athanasi alikaa kwenye benchi la hospitali, kiberiti mkononi, katikati ya akina mama wanane aliowatibu. Walimpisha nafasi bila kinyongo. Mmoja alimuuliza kama amekuja kikazi.

Mtu wa maabara alichungulia kwenye hadubini yake kwa muda mfupi tu. "Safura," alisema. "Tena nyingi. Huingilia kwenye nyayo za miguu mitupu." Akachukua kalamu. "Jina?"

"Athanasi."

"Kazi yako?"

Benchi zima likainama kusikiliza.

"Mkulima," alisema Athanasi.

"Andika tu," alisema Felisita kutoka mlangoni. "Akipona anaanza kupura mpunga kwangu. Na viatu nimemnunulia."