Juisi ya Embe kwenye Friji ya Mwaitu

Jumatatu, 9 Juni

Siku mbaya. Linet wa duka la vepu, zile sigara za umeme, hapa mjini Machakos ametangaza atampa rafu mtengenezaji mmoja wa juisi ya kuvuta humo. Mmoja tu! Nikampelekea yangu ya embe, haina nikotini, nimeipika mwenyewe. Niliitia kwenye kikombe cha yogati, nikafunika kwa nailoni. Ikamwagika kwenye kaunta yake. Papo hapo akaingia Yasser na vichupa vidogo vya kioo, vyenye vifuniko vya kudondosha tone tone, alivyopewa na shangazi yake Hidaya anayeuza manukato. Linet akavishika kama vifaranga. Mimi akanipa kitambaa nipanguse. Atachagua Jumamosi. Roho inaniuma hadi kwenye kidole gumba cha mguu.

Jumanne, 10 Juni

Kwenye duka la dawa vichupa vinauzwa kwa dazeni. Mimi nataka vinne tu, vya kuonjesha. Nikafukuzwa. Yasser kasikia, akanijia akisema, ndugu yangu, chukua vyangu vinne, bure. Bure! Ili kila mtu ajue ni vyake? Nimemwambia ninavyo tele nyumbani. Sina hata kimoja.

Alhamisi, 12 Juni

Mungu hamtupi mja wake! Mwaitu, mama yangu, ndiye huchanja kuku wa majirani hapa Katelembo wasife kwa kideri. Chini ya karo la kuoshea vyombo amerundika vichupa vitupu vya chanjo, vyenye mdomo wa kutoa tone moja moja. Kipimo barabara cha kujaribia ladha! Nimeviosha kwa maji moto, nikavijaza. Karatasi za chanjo zimegoma kubanduka; nitabandika lebo zangu juu. Nimeviweka kwenye friji juisi itulie, kando ya vile vya Mwaitu. Yasser atalia.

Ijumaa, 13 Juni

Mwaitu ametoka kuchanja, tone moja kwenye jicho la kila kuku. Analalamika kwamba chanjo za siku hizi zinanukia embe. Nimemwambia ni teknolojia. Sikumsikiliza sana, nilikuwa nakata lebo. Nimetazama vichupa vyangu: juisi imegeuka samawati. Imekomaa! Yasser hana juisi inayobadilika rangi.

Jumamosi, 14 Juni

Sitaki kuandika. Linet alikuwa karibu kuitia kwenye vepu yake. Yasser akamshika mkono. Lebo yangu ilikuwa imelegea kwa unyevu. Akaibandua, akasoma kwa sauti: kwa kuku pekee. Wateja wakacheka, mmoja akawika. Linet akampa Yasser rafu, akasema mtu mwenye macho kama hayo ndiye anayemtaka dukani. Hata mimi nina macho! Mbona hajawahi kuyasifu?

Jumapili, 15 Juni

Mwaitu amenitembeza boma kwa boma nikikamata kuku wachanjwe upya kwa chanjo yenyewe, ile ya samawati. Wazima wote, wananukia embe. Nimedonolewa vibaya. Kufika nyumbani, Yasser ameketi anakunywa chai yetu, kwa kikombe changu. Eti amezungumza na Linet, rafu ni ndefu, tugawane nusu kwa nusu. Eti aliinusa juisi yangu Jumatatu akaipenda. Nusu! Nimemwambia siwezi kukaa kwenye rafu ya mtu. Ameaga kwa heshima, Mwaitu akamfungia mayai. Mayai! Mimi sijawahi kufungiwa hata moja. Kisha Mwaitu akaniuliza kwa nini namfukuza mtu mwenye roho safi hivyo. Nimemweleza polepole, ili aelewe: kijana huyo anasumbuliwa na wivu.