Muhoza Bado Hajaiva

Jumatatu, 24 Machi. Beechmont, Louisville.

Liberati kaja kazini na kofia mpya. Ya buluu, ina nembo ya timu ya Buffalo. Tunafanya kazi ghalani, chini ya paa. Hakuna jua, hakuna mvua. Kofia ya nini?

Wakati wa mapumziko akatangaza. Timu ya hoki ya barafu ya Buffalo, ile iliyomchagua kijana wake Muhoza kiangazi kilichopita, inataka kuamua: imchukue sasa awe mchezaji wa kulipwa, au imwache mwaka mmoja zaidi chuoni kwake Columbus. Kikao cha familia ni Jumapili. Wote wakampa mkono. Bagula, yule Mkongomani wa foklifti, aliacha hata chakula chake kwenda kumkumbatia. Mimi nilimpa mkono wa mwisho. Niliubana kidogo.

Mimi na Liberati tulitoka kambi ya wakimbizi Warundi, Tanzania, siku moja, ndege moja. Yeye kiti cha dirishani, mimi katikati. Tangu siku hiyo mambo yamekuwa hivyo hivyo. Nyumba yake ina gereji, yangu ina ngazi. Msimamizi humwita kwa jina lake. Mimi huniita "rafiki".

Na hii hoki! Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Miaka kumi na miwili iliyopita mwalimu wa parokia alikuja na basi dogo kuchukua watoto wetu wakajaribu kuteleza kwenye barafu. Alimwomba kwanza Revokatus wangu. Nikakataa. Nikamwambia barafu ni ya kuhifadhia samaki, si ya kuwekea watoto. Kiti kikabaki wazi, Liberati akamsukumia Muhoza ndani.

Kile kiti kilikuwa chetu.

Basi. Mimi ndiye baba wa ubatizo wa Muhoza. Nina haki ya kuwa na mashaka, na mashaka si wivu.

Jumatano, 26 Machi.

Nimeanza kukusanya ushahidi kwamba mtoto hajaiva. Revokatus aliniwekea mchezo wa Muhoza kwenye simu, nikakaa na kalamu. Nimehesabu: kaanguka mara nne. Mara moja kabanwa ukutani na jitu lenye ndevu. Nikaandika yote. Revokatus akaniambia, kwa Kiingereza chake kirefu, kwamba Muhoza kafunga mabao mawili. Nikamjibu kwamba mabao sikuyauliza.

Huyu Revokatus ana miaka ishirini na mitatu. Kazi yake ni kuendesha mashine ya kulainisha barafu, kwenye kiwanja kile kile cha kuteleza. Nilipomkataza alinyamaza, akakua, akaenda kuomba kazi huko huko. Anazunguka na kurudi alikotoka, siku nzima! Watu wakiniuliza mwanangu anafanya nini, huwa nasema yuko kwenye usafirishaji.

Jumapili, 30 Machi. Newburg.

Kikao, nyumbani kwa Liberati. Kwetu neno halianzi koo likiwa kavu, kwa hiyo kwanza tulikunywa. Halafu mishikaki. Halafu ndizi na maharage ya Yudita, mama yake Muhoza. Ni matamu. Hilo nalo linaniudhi.

Wazee walizungumza mmoja mmoja. Wote wanataka mtoto aende sasa. Ikafika zamu yangu. Nikasimama, nikafungua karatasi yangu, nikasoma: mara nne kaanguka, mara moja kabanwa. Nikamalizia kwa sauti nzito kwamba haraka haraka haina baraka.

Liberati hata hakusimama. Akajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Sebule nzima ikacheka. Generoza, mke wangu wa ndoa ya kanisani, naye akacheka.

Lakini wakampigia Muhoza simu huko Columbus, wakaiweka juu ya meza tusikie wote. Akaeleza kwamba hata timu yenyewe imegawanyika. Jumamosi ya tarehe kumi na mbili imewaita wazazi Buffalo ili iamue. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno:

"Baba wa ubatizo asipotoa baraka, mimi sisaini."

Vichwa vyote vikanigeukia. Miaka kumi na saba Marekani, na sijawahi kutazamwa hivyo. Nikajikohoza. Nikasema ninahitaji muda wa kusali, na kwamba nitatoa jibu langu Buffalo kwenyewe.

Liberati aliinamisha macho. Furaha niliyoipata sitaiungama Pasaka hii.

Jumatano, 2 Aprili.

Nimepata silaha!

Nilikuwa natafuta rozari, ili hayo maombi niliyoahidi yaonekane. Nikafungua kopo la zamani la maziwa ya unga, lile lililotoka nami kambini. Chini kabisa: kadi ya ubatizo. Muhoza, mwana wa Liberati na Yudita. Kazaliwa tarehe 17 Novemba 2005. Muhuri wa parokia ya kambi. Sahihi yangu.

Nieleze. Karatasi za Marekani zinasema Muhoza alizaliwa tarehe 1 Januari 2004. Sisi wa kambini nusu yetu tumezaliwa tarehe 1 Januari. Karani akikosa tarehe aliandika hiyo, na mwaka aliukadiria kwa macho. Kila Mwaka Mpya ukumbi wa parokia unakuwa na keki moja na wazee arobaini wanaozima mishumaa. Liberati alijaribu kurekebisha karatasi za mtoto, akaambiwa alete uthibitisho. Akaitafuta kadi miaka na miaka. Aliamini kwamba ilipotea safarini. Amesahau kwamba asubuhi ya kuondoka alinikabidhi mimi.

Sikumwambia. Hakuniuliza mimi.

Sasa tazama. Timu inadhani inaajiri mwanamume wa miaka ishirini na mmoja. Kumbe ana kumi na tisa! Mtoto! Nani atampeleka mtoto akapigane na majitu yenye ndevu? Liberati mwenyewe amenyamaza kuhusu umri, kwa sababu anajua kama ninavyojua mimi: kazi hupewa mtu mzima. Kule kambini mimi nilijiongezea miaka mitatu ili nipate kuchimba vyoo.

Nitaitoa kadi mezani Buffalo. Watamrudisha chuoni, nami sitakuwa nimemnyima mtu baraka. Kadi itakuwa imesema yenyewe.

Alhamisi, 3 Aprili.

Generoza kaniuliza kwa nini napiga mluzi. Nikasema ni Kwaresima. Akanitazama sana, akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijui kasikia nini.

Ghalani Bagula naye alinifuata na foklifti yake hadi kwenye maboksi. "Bon, Baba Revo," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa, "ile mutoto iko tayari. Donc wewe uko nangoya nini?"

Nikamwambia nangoja Roho Mtakatifu.

Ijumaa, 11 Aprili. Columbus.

Tumesafiri watano na gari la Liberati, kiti cha nyuma kabisa tumemwachia Muhoza. Revokatus dereva na mkalimani. Kaomba ruhusa kazini kwa ajili ya hili, sijui kwa nini amejipa umuhimu. Liberati kakaa mbele. Mimi nyuma, katikati ya Yudita na Generoza, na sufuria la pilau mapajani.

Muhoza alitungojea nje ya bweni. Alinyanyua mfuko wangu kabla ya mfuko wa baba yake. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa adabu zote, na kichwa kimeinama. Inakera. Ningependa awe na kiburi kidogo, ingenirahisishia kazi.

Baadaye akaniomba tutembee sisi wawili. Akanieleza polepole. Wakubwa wa Buffalo wanaona mwili wake mdogo. Wanadhani amefika mwisho wake, hataongezeka. Wakimwacha mwaka huu, anaamini hawatarudi tena, na hakuna timu nyingine inayomwita. Alifanya mazoezi miaka yote hiyo kwa ajili ya kesho tu. Akasema anaogopa. Akasema hajamwambia baba yake, kaniambia mimi peke yangu.

Nilisikia kitu kinanichoma kifuani. Nadhani ni maharage.

Nikajilaza na hesabu yangu. Wanasema ni mdogo wa mwili, na mimi nina kadi inayosema ni mdogo wa umri. Mdogo mara mbili. Kesho nashinda.

Jumamosi, 12 Aprili. Buffalo.

Aprili, na theluji inaanguka! Upepo wa ziwani uliichukua kofia ya Liberati mbele ya mlango wa uwanja. Nikaona ni dalili njema.

Meza ndefu, kompyuta tatu, wanaume wawili na mama mmoja mwenye nywele fupi. Mama ndiye mwenye neno. Alitukaribisha vizuri, akamuuliza Muhoza nani alimsaidia zaidi kufika hapo. Muhoza akamnyooshea kidole Revokatus. Akasema kwamba miaka minne, saa kumi na moja alfajiri kabla ya shule, Revokatus aliomba ruhusa kwa bosi wake akamfungulia kiwanja na kumlainishia barafu, yeye peke yake. Mama akainuka, akazunguka meza nzima, akampa Revokatus mkono. Generoza akaanza kulia. Mimi nilikuwa napapasa mfukoni kutafuta kadi, sikufuatilia vizuri.

Kisha mama akasema neno lake, Revokatus akatafsiri. Wanampenda Muhoza. Lakini wanaona bado hajakomaa kwa mchezo wao, na wanasita kumpa nafasi. Liberati akashika ukingo wa meza. Yudita akafumba macho.

Hapo nikasimama. Nikaiweka kadi mezani, nikaipiga kofi. Nikamwambia Revokatus awaambie kwamba mimi, baba wa ubatizo, siwezi kuwaficha: huyu hana miaka ishirini na mmoja. Ana kumi na tisa. Ni mtoto mdogo kabisa!

Revokatus alinitazama kabla ya kutafsiri. Akatafsiri.

Mama akaivuta kadi. Akaisoma mbele na nyuma. Akamwita mwanaume wa kwanza, naye akavaa miwani. Wa pili akaanza kubonyeza kompyuta kwa haraka. Wakanong'ona. Nilimtazama Liberati kwa huruma ya mshindi.

Mama akamuuliza Yudita kama ni kweli. Yudita akasema ni kweli, alimzaa mvua za Novemba zikivuja ndani ya hema, lakini karatasi hawakuwa nayo. Mama akageuka. Anatabasamu! Revokatus akatafsiri. Mwanasheria ataihakiki kadi, na karatasi zirekebishwe. Lakini kama ni hivyo, hesabu yote imegeuka. Walidhani wanamwangalia mtu aliyemaliza kukua. Kumbe anafanya haya yote akiwa na kumi na tisa, na mwili bado unakuja! Mtoto wa namna hiyo hawamwachi Columbus mwaka mwingine. Wanamtaka sasa, wamkuze wenyewe.

Nikamwambia Revokatus awaulize tena. Nikamwambia awakumbushe ile mara nne aliyoanguka. Hakutafsiri.

Liberati alinigeukia taratibu. "Kadi ulikuwa nayo wewe?"

Kabla sijafungua kinywa, Muhoza alikuwa amekuja, amepiga magoti mbele yangu kwenye zulia la watu.

"Baba," akasema, "umenitunzia miaka yangu."

Wote wanatazama. Mama wa nywele fupi kaweka mkono kinywani. Ningefanya nini? Nikaweka mikono kichwani pake, nikambariki. Sauti ilinikatika katikati. Ni baridi ya ziwani.

Baadaye wakaleta zawadi. Liberati kapewa jezi yenye jina lake mgongoni. Mimi nimepewa kikombe.

Jumapili, 20 Aprili. Louisville. Pasaka.

Padri kanitaja baada ya misa. Kasema nilitunza hazina miaka kumi na saba kwa uaminifu, nikaitoa saa ileile aliyoipanga Mungu. Watu wakapiga makofi. Bagula kanikumbatia, eti Roho Mtakatifu kweli alikuja. Liberati kashika maikrofoni, kasema hana ndugu kama mimi. Alikuwa amevaa jezi. Kwenye misa ya Pasaka!

Muhoza kapiga simu kutoka Buffalo. Kaanza mazoezi na wakubwa, kaniambia kaanguka mara tano. Kasema pia kiwanja cha huko kinatafuta dereva wa mashine ya barafu, na Revokatus wameshamwita akaonane nao. Generoza kasema nijivunie. Nikamuuliza nijivunie nini, kuzunguka Buffalo badala ya kuzunguka hapa?

Nje ya kanisa yule mwalimu wa parokia, sasa ana mvi, alikuwa na basi lake dogo. Kaanzisha mafunzo ya kuogelea kwa watoto. Nafasi iliyobaki ni moja. Alimwomba kwanza Delfina wangu, kitinda mimba, miaka tisa. Delfina alishaanza kupanda.

Nikamshusha. Nikamwambia mwalimu kwamba maji mengi ni ya samaki wenyewe. Mtoto wa Mrundi ataogelea kwenda wapi? Safari hii nimejifunza: mzazi mwenye busara hakurupuki.

Basi likaondoka na kitinda mimba wa Liberati. Alitupungia mkono hadi kona ya barabara. Kakaa dirishani, bila shaka.