Makabidhiano ya Kiti cha Ujasiri

Inatangazwa kwa umma wote wa Chicago na vitongoji vyake kwamba Kiti cha Ujasiri katika shindano la uimbaji la Koo la Dhahabu hakijawahi kuwa wazi hata kwa dakika moja, na wanaosema kiliachwa wazi ni wazushi. Nasema hivi kwa wadhifa wangu wa Katibu wa Kamati ya Mwenendo wa Washiriki, kazi niliyoifanya miaka kumi na sita bila kupoteza muhuri hata siku moja.

Watu wa nje hudhani shindano letu ni la sauti. Masikini! Sauti tunazo tele, hata lifti ya jengo letu ina sauti. Shindano letu ni la viti. Kila msimu una washiriki kumi na wawili, na kila mshiriki hukalia kiti chake. Kuna Kiti cha Mtoto wa Mkulima, Kiti cha Mjane Mwenye Tabasamu, Kiti cha Aliyewahi Kulala Ndani ya Gari, na kadhalika. Kiti cha Ujasiri ni cha mtu mwenye ukweli wake binafsi, ambao ni lazima auseme hewani, akilia, kabla hajaimba. Kanuni haitaji ukweli gani. Kwa mazoea tu, huwa tunampa kijana anayependa wanaume wenzake, kwa sababu watazamaji wameshazoea na leso wanakuwa nazo tayari.

Msimu uliopita kiti hicho kilikaliwa na Lonnie Vasko wa Toledo, Ohio. Kijana mzuri, sauti safi, lakini alitupa taabu mno, kwa kuwa hakuwa na siri. Toledo nzima ilijua anapenda nani, na Toledo nzima ilikuwa na shughuli zake. Tulimtuma mpiga picha nyumbani kwao amrekodi mama yake, Bi. Darlene, akisimulia siku alipopokea habari hizo nzito.

"Alikuwa na miaka kumi na tano," Bi. Darlene akasema mbele ya kamera. "Tunakula chapati za maji. Akaniambia. Nikamwambia, najua, mwanangu, hebu nipitishie siagi."

"Halafu?" mpiga picha akauliza.

"Halafu akanipitishia."

Jamani, hiyo nayo ni hadithi? Tulimrudisha mpiga picha kwa Bi. Darlene na kilo mbili za vitunguu, na Jumamosi ile taifa zima lililia. Lonnie alimaliza wa tatu. Tukamvisha skafu ya kumetameta na kumfunga kwa mkataba wa miaka mitano wa kuwa Mshiriki wa Ujasiri popote atakapohitajika: kwenye ufunguzi wa maduka, kwenye maonyesho ya magari, mara moja hata kwenye mazishi ya mtu ambaye hakumjua. Mama yake naye akaingizwa mkatabani kama Mama wa Kiti.

Sasa Januari hii, badala ya kushukuru, kijana akaleta barua. Anaomba kuachia kiti ili akaigize filamu.

Ingekuwa filamu ya maana tungeelewa. Hii ilikuwa filamu huru, yaani filamu isiyo na kampuni nyuma yake wala gari la kuwabeba waigizaji, na chakula chake hupikwa na shangazi wa mtu. Shangazi mwenyewe alikuwa wa mwongozaji, binti mmoja aitwaye Marisol Dudek, na nyumba ya shangazi huyo, katika kitongoji cha Cicero, ndiyo ingepigwa picha. Nyumba ilikuwa imeshauzwa. Wenyewe wapya wangeingia tarehe mosi Februari, kwa hiyo kazi ilipaswa kuanza Jumatatu, Lonnie awepo au asiwepo. Asipokuwepo, nafasi yake atapewa mtu mwingine. Hayo yote aliyaandika kwa mkono, na mwisho akaandika: "Tafadhali. Sijawahi kutaka kitu hivi."

Kikao kiliitwa Alhamisi. Tulikaa na makoti, kofia na glavu, maana boila ya jengo, mtambo unaopasha joto mabomba ya ofisi, ilikuwa imekufa tangu Jumatatu na nje palikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Mwenyekiti alikuwa Bwana Harlan Pruitt, Mkurugenzi wa Hisia, mtu ambaye akiingia chumbani hata viti hukaa sawa. Lonnie alisimama mbele yetu na skafu yake ya kumetameta, kama mkataba unavyotaka.

"Unaigiza kama nani?" Bwana Pruitt akauliza.

"Fundi boila, mkuu."

"Fundi boila anayependa wanaume?"

"Ndiyo. Ana mume."

Bwana Pruitt akachangamka. "Ahaa! Mume anaumwa?"

"Hapana. Anatafuta miwani yake."

"Amekuwa kipofu?"

"Hapana, mkuu. Ameisahau mahali. Inaonekana kwenye dakika ya sitini, juu ya friji."

Wajumbe wakatazamana. Mimi niliandika kwenye muhtasari: *miwani, friji*. Sikujua niandike nini kingine.

"Wazazi wamemfukuza?" mjumbe mmoja akauliza kwa upole.

"Wamekufa kitambo. Kwa uzee."

"Sasa anaimba wapi, wewe?"

"Haimbi. Anatengeneza boila ya jirani, anarudi nyumbani, wanakula, wanabishana kuhusu miwani, wanalala."

"Na ujasiri uko wapi?" Bwana Pruitt akagonga meza. "Mtu huyu ana nini?"

"Ana kazi," Lonnie akasema. Sauti yake ikatetemeka kidogo, na si ya mazoezi. "Mkuu, tangu msimu ule watu wakiniona wanainamisha kichwa hivi, kama wameona mbwa aliyegongwa. Wananishika bega. Nikinunua mkate wanalia. Marisol ndiye wa kwanza kuniuliza kama naweza kushika spana. Nimejifunza wiki tatu kwa fundi wa kweli, mzee Bruno Wojcik. Naomba mniachie."

Nakiri kwamba kitu kilinigusa kifuani, lakini ilikuwa baridi.

"Sikiliza, mwanangu," Bwana Pruitt akasema. "Sikukatalii kwa ubaya. Nakuokoa na aibu. Hakuna binadamu atakayekutazama wewe aone fundi. Watakuona wewe tu. Sisi tuna utaalamu wa nyuso hapa."

"Na mkiona fundi?"

Wajumbe walicheka hadi mvuke ukawatoka midomoni. "Nikiona fundi," Bwana Pruitt akasema, "nitasaini kwa mkono wangu mwenyewe." Nikaliandika hilo kwenye muhtasari, maana kazi yangu ni kuandika kila linalosemwa. Lonnie alichukua hati ya makabidhiano pale mapokezi, nakala tatu, akaondoka. Kikao kikafungwa saa sita na robo.

Kesho yake asubuhi mafundi wa boila wakafika, hatimaye. Mzee mmoja mnene aliteremka moja kwa moja hadi chini kwenye mitambo, na mwenzake akapanda juu kwetu kukagua mabomba ya joto ofisi kwa ofisi. Huyu mwenzake alikuwa kijana wa ovaroli chakavu, ndevu za siku tatu, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Mtu wa kawaida kabisa. Nataka ieleweke kwamba mimi nilimtilia shaka tangu mwanzo, ila nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa kwa mikono yote miwili.

Alimkuta Bwana Pruitt kwenye meza yake.

"Sogeza kiti, mkuu," akasema.

Miaka kumi na sita sijawahi kusikia mtu akimwambia Bwana Pruitt asogeze kiti. Akasogeza! Tena upesi, akauliza, "Hapa panatosha?"

"Kidogo tena. Hapo." Kijana akapiga magoti, akafungua bomba kwa kifunguo kidogo, likatoa pumzi ndefu na maji machafu kidogo kwenye kikopo. Akaligonga. Akasikiliza. Loo, raha ya kumtazama mtu anayejua kazi yake! Tulisimama wanne tunamtazama kama watoto.

Mtu akikutengenezea kitu unajikuta unamwambia mambo yako. Bwana Pruitt akaanza. "Unajua, ndugu yangu, jana tulikuwa na kijana hapa, mwimbaji, anataka kuigiza mtu kama wewe."

"Kama mimi vipi?"

"Mtu wa kweli. Wa mikono."

"Aisee," fundi akasema. "Ataweza?"

"Wapi! Fundi halisi unamjua hata kwa harufu."

"Ni kweli, mkuu. Nipe hicho kitambaa."

Bwana Pruitt akampa kitambaa. Ukweli ni kwamba kilikuwa leso yake ya hariri.

Nusu saa baadaye chini kukanguruma, na joto likaanza kupanda kwenye mabomba. Tulivua glavu. Mjumbe mmoja alipiga makofi. Fundi akatoa karatasi zake kwenye mfuko wa kifuani, zimekunjwa mara nne na zina alama za vidole.

"Saini ya mpokeaji, mkuu. Nakala tatu. Lakini soma kwanza."

"Nina shughuli, ndugu yangu."

"Soma, mkuu. Nakuomba."

"Wewe si umeshaleta joto? Lete hapa." Akasaini zote tatu, akanisukumia, nami nikapiga muhuri: pa, pa, pa. Nilizipiga sawasawa, katikati ya duara. Yule fundi akachukua nakala yake, akaikunja, akavua kofia.

Haki ya nani! Alikuwa Lonnie Vasko.

"Asanteni," akasema. Macho yalikuwa yamemjaa, na mara hii hakuna aliyemletea kitunguu. "Jumatatu naanza kazi. Boila ni mzee Bruno aliyetengeneza, lakini haya mabomba ni mimi." Akateremka ngazi mbili mbili, tukasikia chini mama yake akipiga honi ya gari kama mtu anayetoka harusini.

Bwana Pruitt alicheka kicheko kikavu. "Utani mzuri. Katibu, chana hizo."

"Siwezi, mkuu. Kanuni ya tisa. Hati yenye muhuri haitenguliwi ila na kikao cha watu saba, na kikao hicho hukaa Septemba."

"Mpumbavu gani aliandika kanuni hiyo?"

Sikutaka kujibu mbele ya wajumbe. Nilimwonyesha tu saini iliyo chini yake.

"Sawa," akasema, akipumua. "Aende na boila zake. Tutatafuta mwingine wa kukalia kiti."

"Kiti kimeshapata mtu, mkuu." Nikamsomea kwa sauti ya kawaida ninayotumia kwa wote. Hati ya makabidhiano: anayekabidhi, Lonnie Vasko, anayepokea, Harlan Pruitt. Vitu vilivyokabidhiwa: skafu moja ya kumetameta, mama mmoja, na Jumamosi nane za moja kwa moja hewani.

"Nina mke!" Bwana Pruitt akafoka. "Watoto watatu!"

"Kanuni haitaji ukweli gani, mkuu. Inataka uwe wako tu."

Jumamosi ile aliingia jukwaani na skafu shingoni. Taa zote juu yake. Bi. Darlene alikaa mstari wa mbele kwa mujibu wa mkataba, lakini alikuwa amejifunika uso kwa mkoba akicheka hadi mabega yanaruka. Bwana Pruitt alisimama pale kimya hadi kipaza sauti kikaanza kuvuma. Mtu aliyewaliza maelfu hakuwa na kitu cha kusema kuhusu nafsi yake. Hatimaye ikamtoka.

"Mimi sipendi muziki," akasema. "Sijawahi kuupenda. Hata mmoja. Unaniumiza kichwa."

Na akaanza kulia, wee! Kilio cha mtoto, cha makamasi. Halafu akaimba, na namwombea msamaha kwa hilo. Ukumbi mzima ulisimama. Kura milioni nne. Wiki iliyofuata, milioni tano. Wakatokea watu Nebraska wenye fulana zilizoandikwa *Nami Pia Siupendi*. Alipotaka kujitoa, wajumbe walimshika bega na kuinamisha vichwa, wakamwambia ana nguvu kuliko anavyojua.

Filamu ya Marisol Dudek ilionyeshwa Oktoba, Jumanne moja, kwenye ukumbi mdogo wenye viti vinavyolia. Tulikuwa watazamaji arobaini na mmoja. Nilikwenda kikazi. Bwana Pruitt alikuja pia, miwani nyeusi na kofia, akaketi nyuma kabisa. Dakika tisini nilimtazama mwanamume akifunga nati na kugombana na mumewe kuhusu miwani. Hakuna aliyelia. Mume alipoiona juu ya friji, mama mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti, "Si niliwaambia!" Sikumkumbuka Lonnie hata mara moja hadi jina lake lilipopanda kwenye pazia. Nilisikia furaha, nami nasema wazi, ingawa si sehemu ya majukumu yangu.

Taa zilipowashwa Lonnie alikuwa pale pale mlangoni, mfuko wa bisi mkononi, na watu wakampita. Mmoja alimwambia "samahani, kaka," akapenya. Kijana alikuwa akitabasamu hadi masikioni.

Ndipo mtu akaitambua kofia ya nyuma. "Ni Harlan! Harlan wa Ujasiri!" Wakamvamia wote arobaini. Wakamkumbatia, wakamlilia shingoni, bibi mmoja akambusu mkono na kumwambia kwamba kwa ajili yake ameweza kumwambia mumewe kuhusu kinanda.

"Vasko!" Bwana Pruitt alilia kutoka katikati ya mikono ile. "Waambie! Waambie mimi ni mtu wa kawaida tu!"

Lonnie akamaliza bisi zilizokuwa mdomoni.

"Siwezi kuwaambia, mkuu," akasema. "Mimi mwenyewe nilinyimwa kibali hicho."