Ndizi za Felista

Jumatatu, 16 Juni 2025

Ukungu tangu asubuhi. Kijiji chote cha Lupepo hakionekani, hata choo chetu. Mchana mbalaga, ndizi zetu za kupika, na maharage. Nimekula nusu. Nusu nyingine nimeiacha kwenye stuli ya barazani, makusudi, ionekane.

Sina ugomvi na mkamwana wangu Atupele. Mchapakazi, na ndizi zake zinaiva. Shida ni kwamba kabla yake zilikuwepo za Felista, marehemu mke wangu, na kila tonge likiingia mdomoni linamkuta Felista amekwisha kukaa. Nimepima majani ya chai miaka ishirini na sita kwenye banda la mnunuzi. Kupima najua. Za Atupele zinapungua kitu. Sijui nini.

Kumwambia siwezi. Kwa mila yetu baba mkwe na mkamwana hawatazamani wala hawasemeshani. Vijana wa siku hizi wameacha, wanapiga picha pamoja na kucheka. Lakini Atupele kalelewa na bibi yake kule Matwebe. Akiniona, anapita nyuma ya migomba. Kwa hiyo tunaongea kupitia ng'ombe. Mimi namwambia ng'ombe, yeye anasikia akiwa jikoni, kisha anamjibu ng'ombe. Ng'ombe anaitwa Karani, kwa sababu anasikiliza shida za kila mtu na kutafuna.

Leo Karani kaambiwa jambo zito. Mwanangu Ambwene, fundi magari Mbeya, amepata chumba cha pili, anamtaka mke wake huko. Jibu mwisho wa mwezi. Atupele kasema anaona vibaya kumwacha mzee peke yake, ila kama chakula chenyewe hakimpiti mzee kooni, basi labda anamkalia bure.

Nataka abaki. Nataka pia ndizi ziwe za Felista. Nina wiki mbili.

Jumanne, 17 Juni

Mpango wa kwanza. Nimepanda darini nikashusha chungu cha Felista. Nimefuta buibui, nimekiweka mlangoni pa jikoni, nikaondoka bila neno. Mwenye akili ataelewa.

Jioni kuku wanakinywea maji. Karani kashukuriwa sana, kwamba baba kaona jinsi lile bakuli la kuku lilivyopasuka.

Nimeingia ndani.

Alhamisi, 19 Juni

Obed. Jirani, mgane kama mimi. Kila Alhamisi anakuja kuulizia hali ya ng'ombe, saa saba kamili, wakati sahani inatoka jikoni. Anakula kwa kelele. Halafu anapaza sauti ifike ndani: ndaga fijo, mama, asante sana, ndizi hizi hata marehemu hakuzifikia. Kwenye baraza langu. Kwenye kiti changu. Na Atupele anamwongezea.

Nilikuwa nimejiandaa, mpango wa pili: kumkatisha Obed hamu. Pale kwenye banda la chai niligundua jambo ambalo sijalisikia kwa mtu mwingine: wachumaji waliokaa kusimuliana walichokula asubuhi hawakumaliza maandazi ya saa nane. Walioshinda kimya walimaliza yao na ya wenzao. Mtu ukimkumbusha shibe yake, njaa inaona aibu.

Nikamwuliza Obed asubuhi kala nini. Magimbi. Nikamtaka asimulie. Makubwa? Makubwa. Na nini? Na parachichi. Akasimulia vizuri mno, mpaka nikauona mvuke. Nikamwona Felista, asubuhi ya baridi kama hii, anamenya gimbi la moto na kupuliza vidole, la kwanza ananipa mimi. Nikarudisha tonge kwenye sahani.

Obed alimaliza sahani yake, kisha akauliza kama yangu ina mwenyewe.

Sahani mbili zimerudi jikoni tupu. Karani kaambiwa leo baba kala vizuri. Sikukanusha. Atupele kaosha vyombo akiimba.

Jumapili, 22 Juni

Mpango wa tatu: ushahidi. Nina daftari kumi na tisa kama hili chini ya kitanda. Lazima mahali fulani nimeandika Felista alipikaje. Baada ya ibada nimetoa la 2011, nikaweka kiti uani, hatua mbili kutoka kwa Karani na tatu kutoka jikoni. Obed naye akatokea. Nikamwambia leo si Alhamisi. Akasema ng'ombe hawaangalii kalenda.

Nikafungua popote. Nikasoma kwa sauti ya mzee wa kanisa.

"Jumanne, 5 Julai 2011. Ndizi za Felista zimeungua tena. Anapiga soga na jirani Winfrida kwenye ua, chungu kinajipikia chenyewe. Za mama hazikuwa hivi."

Nikafunua haraka.

"Jumatano. Hazina chumvi. Nimerudisha nusu."

Nilitaka kufunga. Obed akaniomba niendelee, akasema mahubiri ya leo hayakumgusa namna hii. Nikadhani mbele kuna nafuu.

"Ijumaa. Nimemwambia Felista ndizi za mama zilikuwa na kitu, sijui nini. Kasema nimfukue mama aje apike."

Kicheko kikatoka jikoni. Miaka mitatu Atupele yuko kwangu, sijawahi kusikia kicheko chake. Kirefu, cha mtu aliyeshika ukuta asianguke. Obed alifuta machozi kwa shati. Karani alitafuna.

Obed alipoondoka niliendelea mwenyewe, kimyakimya. Daftari la 2019. "Jumatatu, 11 Machi. Felista kauliza kesho apike nini. Nimesema chochote."

Kesho yake, siku aliyofariki, hakuna maandishi. Wiki tatu hakuna maandishi.

Nimejaribu kukumbuka Jumatatu hiyo tulikula nini. Nimekaa pale uani mpaka Karani kaingizwa bandani. Sikumbuki. Kila ndizi iliyoungua nimeiandika na tarehe yake. Hiyo sikuiandika.

Ijumaa, 27 Juni

Karani kapewa ujumbe, asubuhi, wakati wa kukamuliwa. Kwamba tangu Jumapili moyo wake Atupele umepoa, kumbe hata marehemu alirudishiwa nusu. Kwamba Ambwene anapiga simu kila jioni. Kwamba baba akisema siku moja tu, kwa mdomo wake, ndizi ni tamu, yeye atamwambia Ambwene asubiri mpaka Krismasi.

Neno moja. Nimefanya mazoezi nikinyoa ndevu. Tamu. Tamu. Halina hata ugumu.

Jumamosi, 28 Juni

Ndizi na maziwa ya Karani. Naandika hapa, na tarehe: zilikuwa tamu. Nimemaliza sahani, nimekomba.

Nikaenda kwa Karani. Nikasema kwa sauti, ndizi za leo tamu. Jikoni mwiko ukasimama kwenye sufuria. Ningeondoka hapo. Miguu ilishageuka.

Nikaongeza kwamba zimebakiza kidogo tu kuzifikia za Felista.

Mwiko ukaendelea.

Jumatatu, 30 Juni

Ambwene kaja na gari la mteja kumchukua. Kaniuliza nimesema nini. Nimemwambia nilimsifia. Kaniangalia kama anavyoangalia injini.

Atupele kaacha ndizi za siku mbili kwenye sufuria, kafunika kwa jani. Kabla ya kupanda gari kaenda kwa Karani, kamshika shingo, kamwambia amtunze baba, asimwache anywe chai tupu. Alikuwa anakuja upande wangu, na mimi nilikuwa sijui niweke wapi uso. Leo ni mimi niliyepita nyuma ya migomba.

Za kwanza nimekula jioni. Za pili nimezifunika tena kwa jani. Nitazitazama kesho.

Jumapili, 20 Julai

Beatrice, binti wa dada yangu, anakaa kwangu sasa. Msichana mzuri. Anapika, anakamua, ananisalimia uso kwa uso, kwa sababu yeye hana mila ya kunikwepa. Obed anasema nimeokota bahati. Anakuja siku mbili kwa wiki.

Mchana ndizi na maharage. Zimeiva. Chumvi ipo. Kosa sikuliona.

Ila zinapungua kitu. Za Atupele zilikuwa na kitu, sijui nini, ulikuwa ukila unamsikia anaimba. Nimerudisha nusu.

Beatrice ningeweza kumwambia waziwazi. Nimeenda nikamwambia Karani.

Kisha nimewanyang'anya kuku chungu, nimekisugua kwa majivu, nimekiweka mlangoni pa jikoni. Mwenye akili ataelewa.